Dira ya popo kwenye tyubu ya pikipiki

Saa 12 asubuhi. Kibo, kilele cha Kilimanjaro, kiko wazi. Hapa Moshi mjini huhitaji dira: ukiutazama mlima, unatazama kaskazini. Leo nawafundisha kidato cha tatu dira nyingine, iliyo ndani ya kichwa.

Saa 1. Napita kwa fundi pikipiki, Majengo. "Shikamoo mwalimu." Namwomba tyubu iliyochoka. Anaijaza upepo, ina viraka vinne na bado inanuka solusheni. Hela amekataa.

Saa 2 hadi saa 4, kidato cha kwanza, kisha chai.

Saa 5. Naanza na panya. Mwaka 1984 James Ranck aligundua kwenye ubongo wao seli za mwelekeo wa kichwa. Kila seli ina upande wake: panya akielekeza kichwa huko, inapiga mapigo ya umeme mfululizo, akigeuka, inatulia. Binti mmoja akanyoosha mkono: "Mwalimu, na popo anayening'inia kichwa chini?"

Swali hilo nimelisubiri wiki nzima. Somo hufundishwa kwa Kiingereza, lakini hapo nikahamia Kiswahili, maana nilitaka waelewe wote. Watafiti wa taasisi ya Weizmann, Israeli, walipima seli hizo kwa popo wala matunda, na mwaka 2015 matokeo yakachapishwa. Zipo seli za kugeuka kulia na kushoto, zipo za kuinua na kuinamisha kichwa, na nyingine zinajali yote mawili.

Nikashika mpira wa miguu: tuseme kila nukta yake ni mwelekeo mmoja wa kichwa. Popo anaelekea mlimani, anainua pua hadi juu kabisa, anaendelea mpaka amepinduka. Sasa pua inatazama mashamba ya miwa, kusini. Kwenye mpira, ukivuka ncha ya juu, kaskazini inakuwa kusini ghafla. Nikampa binti tyubu: ubongo wa popo unapanga mielekeo hivi, si kama mpira. Kuizunguka yote ni kugeuka. Kuzunguka unene wake ni kuinua kichwa. Akapitisha kidole juu ya viraka, taratibu, akarudi alipoanzia. Hakuna ncha. Seli ya kaskazini inaendelea kupiga hata popo akiwa kichwa chini, na hesabu haikatiki. Akarudia mara tatu, darasa kimya.

Saa 8, kusahihisha madaftari.

Saa 12:45 jioni. Nimekaa chini ya mwembe wa jirani, popo wameanza kuja. Mmoja akatokea upande wa miwa, kasi, akapinduka, akashika tawi kwa miguu. Pua kusini. Nikatazama mlimani.