Saladi iliyokwama ng'ambo ya korongo

Alfajiri ya Jumamosi ile niliamshwa na mngurumo. Nilidhani ni lori limekwama barabarani, nikatoka nje khanga mabegani. Mbingu ilikuwa safi, nyota zote mahali pake, hakuna hata tone la mvua. Mngurumo ulikuwa unatoka korongoni.

Aliyeishi Dodoma analijua hili. Korongo linakaa miezi na miezi mchanga mtupu, ng'ombe wanapita, wanawake wanachimba visima vifupi katikati yake kutafuta maji. Kisha mvua inanyesha huko juu milimani, wewe huku hujaona hata wingu, na usiku wa manane maji yanashuka yamebeba magogo. Ukiyakuta yamejaa unakaa chini unasubiri. Hakuna ujanja mwingine.

Ng'ambo ya korongo lile kulikuwa na pikapu, na ndani ya pikapu kulikuwa na saladi yangu yote.

Ilikuwa Machi 2012, mwaka wangu wa pili wa kufundisha shule ya msingi, upande wa Mvumi, wilaya ya Chamwino. Mwalimu Mkuu wetu alikuwa ametimiza miaka 60, anastaafu, na kijiji kilitaka kumuaga kwa heshima. Mchele ulikuwa stoo, mbuzi walikuwa wamefungwa chini ya mkwaju. Kamati ya mapishi ilipogawa kazi, mimi niliidaka saladi kabla hawajamaliza kuuliza nani anaiweza. Nimezaliwa Lushoto. Kwetu kabichi, karoti na hoho zinashuka mlimani kwa malori mwaka mzima, na mama yangu alinifundisha kukata kabichi nyembamba kama uzi kabla sijajua kusoma vizuri. Nikawaandikia wenzangu wawili waliokuwa wanakwenda soko la Majengo: nyanya tenga moja, matango, karoti, hoho, kabichi kumi, malimau mia. Wakanunua vyote. Walifika korongoni usiku, maji yamewatangulia.

Saa kumi na mbili asubuhi nilipanda jabali la nyuma ya shule, ndiko tulikokuwa tukitafutia mtandao, ujumbe wao ukaingia. Wako salama, wamelala garini, maji yanafika kifuani na yanakimbia. Soda nazo zilikuwa hukohuko. Wageni 150 walitarajiwa saa saba mchana.

Nikashuka nikakaa kwenye kizingiti cha jiko la shule. Bibi jirani yangu, ambaye ukuta wake na wangu viligusana, alikuja na ungo wake kusaidia kuchambua mchele.

"Mbukwa, mwalimu."

"Mbukwa, bibi."

"Mbona umekaa kama uliyefiwa?"

Nikamweleza. Saladi haipo tena, nyanya ziko ng'ambo, malimau yako ng'ambo. Akaendelea kupepeta mchele wake, akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza swali ambalo sikulitegemea.

"Hilo limau mnalitia la nini?"

"La kuleta uchachu, bibi."

"Na uchachu umekwama ng'ambo nao?"

Sikuwa na jibu. Akainua uso, akaelekeza kidevu kwenye mkwaju walikofungwa mbuzi, halafu kwenye kibuyu kilichoning'inia chini ya dari ya nyumba yake. Mle alikuwa ameweka ubuyu wa kiangazi kilichopita. Kwenye debe alikuwa na ukwaju uliokaushwa, umebanwa kuwa madonge meusi. Kwa miaka miwili nilikuwa nikipita chini ya mibuyu nikienda darasani, na sikuwahi kuuhesabu ubuyu kuwa kitu cha jikoni. Kwangu ubuyu ulikuwa pipi ya watoto, ule mwekundu wa sukari.

Nikaipitia orodha yangu upya kichwani, safari hii si kwa majina. Limau ni uchachu. Tango ni ubichi na maji. Karoti ni utamu na kitu cha kutafuna. Nyanya ni utelezi na rangi. Nikauliza kila kimoja: nani hapa anaifanya kazi hii?

Machi kule si mwezi wa njaa. Njaa huwa imepita, shamba ndilo linaanza kulisha. Tulikwenda mimi na wanafunzi wanne wa darasa la saba, na ndani ya saa moja na nusu tulirudi tumelemewa. Matikiti maji yaliyopandwa katikati ya mtama. Mahindi mabichi. Maganda machanga ya kunde, yale ambayo ukiyakunja yanavunjika kwa mlio. Karanga zilizong'olewa na udongo wake. Mzazi mmoja mwenye shamba la zabibu alitupa ndoo mbili, nyekundu iliyokolea hadi inakaribia weusi, kwa kuwa ulikuwa msimu wake. Dodoma zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, na mavuno ya miezi ile ya mvua ndiyo yalikuwa yanakatwa. Vitunguu vilipatikana dukani, vidogo vidogo, kilo sita. Mafuta ya alizeti hayakuwa tatizo. Kila nyumba ilikuwa na dumu.

Kazi ya kwanza niliyowapa akina mama ilikuwa kuchemsha maji. Hapo sikukubali mjadala. Mboga mbichi iliyooshwa kwa maji ya kisimani siku ya sherehe ni ugonjwa wa kijiji kizima, na nilishawahi kuona kipindupindu nikiwa mtoto, sitaki kukiona tena. Tulichemsha sufuria mbili kubwa, tukaziacha zipoe zikiwa zimefunikwa, na kila kitu kilichopita mkononi kikaoshwa kwa maji hayo.

Kunde tulizitumbukiza kwenye maji ya chumvi yanayotokota, dakika chache tu, kisha moja kwa moja kwenye maji baridi ya mtungini tuliyoyachemsha. Ukifanya hivyo zinabaki kijani cha kupendeza na bado zinalia mdomoni. Ukiziacha zipoe zenyewe zinazidi kuiva, zinageuka rangi ya majani makavu. Mahindi tuliyachemsha, tukayapukuchua. Karanga mbichi zikachemshwa na maganda yake.

Zabibu zilitutesa. Zabibu za kule zina mbegu na ngozi ngumu, ukiitia nzima mgeni anatafuna mbegu chungu. Mama mmoja akaonyesha njia: wembe mpya, unaipasua zabibu kwa urefu, inafunguka kama kitabu, mbegu zimelala mbili au tatu katikati zinang'aa, unazidokoa kwa ncha ya kijiti. Akina mama sita walikaa kwenye jamvi na ndoo zile kwa muda mrefu sana, vidole vimekuwa vya zambarau, wakiimba. Mpaka leo nikisikia ule uimbaji wa Kigogo wa sauti nyingi zinazopandana, pua yangu inapata harufu ya zabibu.

Kilichonikosesha raha kilikuwa tango. Nyama ya tikiti ilikuwa na maji lakini laini mno, inalegea. Nikiwa nalikata tikiti nikaonja sehemu ile nyeupe, kati ya nyekundu na ganda la kijani, ile ambayo watu hutupia mbuzi. Ilikuwa ngumu, baridi, haina utamu, na ilikatika menoni sawasawa na tango. Nilisimama na kisu mkononi nikaita, "Bibi, njoo uonje!" Akaonja. Akasema, "Ni tango hili." Basi tukamenya ngozi ya kijani, tukaikata ile nyeupe vipande vyembamba vya mwezi mchanga, beseni likajaa.

Hapo nikaharibu. Kwa haraka nilinyunyiza chumvi kwenye beseni lote saa nne asubuhi, kama vile nakula dakika ileile. Saa tano nilipofunua, vipande vilikuwa vinaelea. Chumvi huvuta maji kutoka kwenye mboga, na mimi hilo nililijua, maana ndivyo tunavyokamua vitunguu: unakata, unatia chumvi, unavifikicha mpaka vitoe maji makali, unasuuza. Tukamwaga maji yale, tukaviminya vipande kwa kitambaa kisafi. Ajabu, vilikuwa vitamu zaidi, vimekaza, vimeingia chumvi hadi ndani. Kosa lile nimeendelea kulifanya kwa makusudi tangu siku hiyo.

La pili liliuma zaidi, kwa sababu nilifanya mbele ya watu. Bibi alikuwa ametwanga ubuyu kinuni taratibu, mchi unagusa tu ili unga utoke na mbegu zisivunjike, kisha akauchekecha. Unga mweupe, laini kama unga wa sembe, ukiulamba ulimi unajikunja. Nikauchukua nikaumimina juu ya kunde. Ukaganda palepale, mabonge kama chokaa. Akina mama wakanyamaza. Bibi hakunisema. Alichukua bakuli jingine, akatia unga, akatia maji kidogo sana, akakoroga kwa mwiko mpaka ukawa uji mzito, akaongeza maji, akakoroga tena.

"Ubuyu unalainishwa kwanza," akasema. "Kama mtoto anayeamshwa."

Tukautia karanga zilizokaangwa na kutwangwa, mafuta ya alizeti tukiyamimina kwa uzi mwembamba huku tunapiga, na chumvi. Ukatokea mchuzi mzito wa rangi ya maziwa, mchachu, wenye harufu ya karanga, unaoshika mgongo wa kijiko. Wanaonunua mayonezi ya kopo ningependa wauonje mara moja. Kwa wapenda ukali tulitengeneza wa pili: ukwaju ulioloweshwa na kuchujwa, pilipili, vitunguu. Miaka baadaye nilisoma kwamba asidi kubwa ya ukwaju ni tatariki, ileile iliyomo kwenye zabibu, nikaelewa kwa nini viwili vile vilielewana sana kwenye sahani.

Tulichanganya saa saba kasoro, si kabla. Kunde, mahindi, karanga, vitunguu, nyeupe ya tikiti, na zabibu mwishoni kabisa, kwa mikono iliyooshwa, bila kuziminya. Ukiangalia kwenye beseni ulikuwa unaona kijani, njano, nyeupe na ule wekundu mweusi unaong'aa. Sikuwahi kutengeneza saladi nzuri kiasi kile Lushoto, na nasema hivyo nikiwa nampenda mama yangu.

Sherehe yenyewe ilikwenda kama sherehe zote za kuagana, hotuba zikazidi muda na mvua ikatishia bila kunyesha. Nilikuwa nimesimama nyuma ya meza, namwangalia Mwalimu Mkuu peke yake. Alichota kijiko, akatafuna polepole. Alitazama sahani. Akaondoka na sahani yake mezani, mbele ya diwani na wazee, akaja hadi pale niliposimama.

"Mwalimu, hii ndani yake kuna ubuyu?"

"Upo, mwalimu."

"Mama yangu alikuwa anatutilia ubuyu kwenye mboga," akasema. "Sijala hivi tangu nilipokwenda chuo." Akaomba tena, akala amesimama hapohapo, na mimi nikajifanya napanga vijiko, kwa sababu machozi yalikuwa yananilenga.

Pikapu ilivuka saa kumi na nusu. Wenzangu walishuka wamechoka, matope hadi magotini, na tenga la nyanya likiwa zima kabisa. Tukawapakulia. Nyanya tukawagawia akina mama waliosaidia, kila mmoja akafungia kwenye khanga yake. Bibi alichukua tatu tu.

Jumatatu asubuhi, kabla ya kengele, mjukuu wake wa darasa la tatu alibisha mlangoni kwangu. Alikuwa amebeba nusu ya ganda la tikiti, limeliwa nyekundu yote, limekwanguliwa safi, ndani jeupe.

"Shikamoo mwalimu. Bibi kasema hili ni la kwako. Sisi tumekula ile nyingine."

Nikalipokea kwa mikono miwili, nikaingia ndani kutafuta chumvi.