Siku moja maishani mwangu: chupa ya gramu 24

Saa 10:45 alfajiri

Hapa Gongo la Mboto, Dar es Salaam, ukichelewa kituoni dakika kumi tu, daladala utaingilia dirishani. Leo nimewahi. Nimepata siti ya nyuma kabisa, ile ya juu ya tairi, na kabla hatujafika Banana nimeshafungua simu kusoma somo la jioni.

Mimi ni fundi umeme wa kiwandani. Miaka sita nimeshika bisibisi na mita kwenye mashine za kujazia sabuni ya maji. Februari nikaitwa ofisini: "Wewe ndiye utakayeratibu mradi wa chupa mpya." Nikapewa laptopu iliyochoka betri, nikalipiwa na kozi ya jioni ya usimamizi wa miradi. Somo la leo ni ule mlolongo wa kazi ambao moja ikichelewa, mradi mzima unachelewa. Mwalimu anauita uti wa mgongo. Mbinu hiyo ilianzia Marekani mwaka 1957, kampuni za DuPont na Remington Rand zilipotafuta namna ya kupanga ujenzi na matengenezo ya viwanda vya kemikali. Nimesoma mpaka Uwanja wa Ndege, usingizi ukanichukua.

Saa 1:00 asubuhi

Kikao cha zamu, wote tumesimama, dakika kumi. Chupa yetu ya nusu lita ina gramu 28 za plastiki. Tunataka iwe na 24, na sehemu ya plastiki hiyo itokane na chenga zilizorejelezwa. Laini inajaza chupa 12,000 kwa siku, kwa hiyo gramu nne hizo ni kilo 48 ambazo kila siku hazitanunuliwa wala kuishia mtaroni. Mkurugenzi anaupenda mradi kwa sababu resini, yaani plastiki ghafi, inatoka nje na inalipiwa kwa dola. Haya, kila mtu na lake, ilimradi anasaini.

Saa 2:30

Muuza chenga kaleta gunia la mfano. Nimechota kopo moja nikamwaga kwenye ndoo ya maji. Chupa za sabuni na za maziwa ni za plastiki iitwayo HDPE, zinaelea. Za maji ya kunywa ni za aina nyingine, PET, zinazama. Hapo ni rahisi. Shida iko kwenye vifuniko: vingi ni aina ya tatu, PP, navyo vinaelea vilevile. Nimekaa nikichambua kwa mkono vipande vyekundu na vya bluu kutoka kwenye povu, nikajiuliza nani alituambia kifuniko chetu lazima kiwe cha plastiki nyingine na rangi nyingine. Hakuna aliyetuambia. Tumekikuta hivyo.

Saa 4:00

Jaribio lenyewe. Tunazo chupa 300 za gramu 24, zilizotoka kwenye moldi (kalibu ya kuumbia chupa) ya majaribio yenye tundu moja. Moldi kubwa ya uzalishaji, yenye matundu manne, inachongwa China na kianzio chake kilipangwa kulipwa kesho. Kwenye chati yangu jaribio hili lilikuwa baada ya malipo. Mwalimu ndiye aliyeligundua wiki iliyopita, akalizungushia kalamu nyekundu na kuandika neno moja: "Kwa nini?" Sikuwa na jibu, nikalileta kabla ya malipo.

Tukawasha. Chupa ya nne ikaanguka kwenye kona ya mkanda. Ya sita ikaanguka. Chupa tupu ikiwa nyepesi, ule mwanya kati ya mkanda mmoja na mwingine unatosha kuipiga mwereka. Na sensa ya mwanga imefungwa usawa wa shingo, kwa hiyo chupa iliyolala haionekani. Laini ikadhani hakuna kitu, ikaendelea kusukuma, zikarundikana kama abiria wa Mbagala. Hilo ni la fundi: nikashusha sensa, nikaweka bati jembamba juu ya mwanya, nikaongeza sekunde kidogo kwenye programu ya PLC, kompyuta ndogo inayoendesha laini. Nusu saa, limekwisha. Nilijiona bingwa.

Kisha zikafika kwenye mashine ya vifuniko. Kichwa cha mashine kinashuka, kinakandamiza, kinazungusha. Chupa ya kwanza ikabonyea begani, pande zote mbili, kama mtu aliyeambiwa habari asiyoitaka. Sabuni ikaruka, kifuniko kikakaa upande. Ya pili hivyohivyo. Nikapunguza presha ya hewa ya silinda inayokisukuma kichwa hicho kutoka bar 4 hadi 3: begani pamebonyea kidogo, kifuniko kimekaa. Bar 2.5: chupa nzima salama, lakini ukiilaza inavuja. Nikapanda, nikashuka, robo bar kwa robo bar, mpaka chupa zimebaki kama arobaini na meneja wa uzalishaji anaangalia saa yake.

Mwendesha mashine ile tunamwita Mama Vifuniko. Yuko pale tangu mashine inafungwa. Muda wote alikuwa amekunja mikono.

"Mwanangu, unamnyoaje mtoto?"

"Sijakuelewa, mama."

"Unamshika kichwa. Hiyo chupa mnaibana juu, chini imesimama kwenye mkanda, na kati hakuna anayeishika. Ishikeni shingoni."

Akachukua chupa moja, akaibana kwa vidole viwili chini ya shingo, akagonga kifuniko kwa kiganja cha mkono wa pili. Bega halikubonyea.

Saa 7:00 mchana

Wali maharage, na karatasi ya hesabu pembeni ya sahani. Tukiweka pete ndogo chini ya shingo, uma wa chuma utaingia hapo na kubeba mkandamizo wote. Fundi wa moldi kasema pete itakula kama nusu gramu. Basi chupa ni gramu 24.5 na akiba ni kilo 42 kwa siku badala ya 48. Meneja wa mauzo kanung'unika kwamba tangazo limeshaandikwa "24". Nimemwambia tangazo ni karatasi, moldi ni chuma.

Saa 8:30

Laini imezimwa, kiwanda kimya, na ndipo unasikia hewa ikivuja kila mahali, sss, sss. Tumepita na brashi na povu la sabuni (sabuni hatukosi) tukapata viungo saba vinavyotoa mapovu. Kompresa inakula umeme kulisha matundu hayo usiku na mchana. Kazi hii haimo kwenye mradi wangu. Nimeiandika tu kwenye daftari.

Saa 12:00 jioni

Darasani. Nilipoeleza yaliyotokea, mwenzangu mmoja wa kiwanda cha vinywaji alicheka mpaka akafuta machozi. Kwao moldi ilishalipiwa. Mwalimu hakusema mengi. Alichora mstari ubaoni: upande mmoja wanaobuni chupa, upande wa pili wenye mashine, akauliza ni lini mara ya mwisho pande hizo zilikaa meza moja. Kwetu ni leo saa nne, na hatukuwa na meza.

Saa 4:20 usiku

Nyumbani. Mchongaji wa moldi kajibu: mchoro mpya utaongeza siku tisa. Nimesogeza kisanduku kwenye chati, vingine vyote vikasogea nacho. Kianzio cha kesho nimekizuia kwa barua pepe ya mistari mitatu.

Kilichobaki ni orodha ya wadau. Ina majina kumi na moja, kuanzia mkurugenzi mpaka wakala wa forodha. Nikafungua mstari wa kumi na mbili nimwandike Mama Vifuniko, mkono ukasimama. Miaka sita, na jina lake silijui. Nitamuuliza kesho saa moja.