Mtoto Akiteguka Kifundo, Usikimbilie Kumchua

Mechi ya shule, uwanja una mashimo, mshambuliaji wa miaka 12 anakanyaga vibaya na mguu unapindia ndani. Kabla hata hajafuta machozi, mmoja ameshamshika goti, mwingine anavuta kisigino "kurudisha", wa tatu anauliza nani ana dawa ya kuchua. Wote wana nia njema. Tatizo ni kwamba kilichoumia huenda si kano.

Karibu na ncha za mifupa mirefu ya mtoto kuna ukanda wa gegedu laini, gegedu ya ukuaji. Mfupa hurefukia hapo. Kwa mtoto anayekua, gegedu hiyo mara nyingi ni dhaifu kuliko kano zinazoishikilia mifupa, kwa hiyo mpindo ambao kwa kijana wa miaka 25 ungevuta kano tu, kwa mtoto unaweza kuipasua gegedu yenyewe. Kwa wasichana wengi gegedu za kifundo huwa zimefunga kufikia miaka 15 hivi, wavulana huchelewa mwaka mmoja au miwili zaidi. Jeraha la mfupa mwembamba wa nje ya mguu kwa kawaida hupona vizuri. La kuogopa ni la mfupa mkubwa wa muundi: likipuuzwa, mguu unaweza kukua ukiwa umepinda au mfupi kuliko mwenzake.

Nani apelekwe kupigwa picha? Madaktari wa Ottawa, Kanada, walitengeneza kipimo rahisi mwanzoni mwa miaka ya 1990, na hata mwalimu wa michezo anaweza kukitumia kwa watoto waliozidi miaka 5. Bonyeza kwa kidole gumba ukingo wa nyuma wa nundu zote mbili za kifundo, ya nje na ya ndani, kuanzia nchani kupanda sentimita 6. Kisha bonyeza nundu ya mfupa iliyo katikati ya ukingo wa nje wa wayo, halafu mfupa unaojitokeza upande wa ndani, mbele ya kifundo. Mwisho mwambie atembee hatua 4, hata kwa kuchechemea. Mfupa ukiuma popote hapo, au hatua 4 zikimshinda, aende hospitali. Na picha ya eksirei ikitoka safi huku maumivu yako palepale juu ya gegedu, bado si ruhusa ya kucheza, kwa sababu gegedu haionekani kwenye picha. Daktari anaweza kumfunga hogo (plasta ngumu) au kifaa cha kutuliza kifundo, kisha amwone tena baada ya wiki moja au mbili.

Mguu uliopinda waziwazi, wenye kidonda kinachofika mfupani, au wenye vidole vya baridi na ganzi haupimwi wala haunyooshwi. Ufunge ulivyo, kwa boksi gumu lililokunjwa na vipande vya khanga, na mtoto asile wala kunywa njiani, maana huenda akahitaji dawa ya usingizi.

Aliyeteguka tu naye harudi mchezoni siku hiyo. Barafu za mifuko zinazouzwa nje ya geti la shule zinatosha kabisa: zifungie kwenye taulo lenye unyevu, weka dakika 10 hadi 15, rudia kila saa mbili au tatu siku ya kwanza. Barafu juu ya ngozi tupu huiunguza. Bandeji ya kuvutika ianzie karibu na vidole ipande kuelekea muundini, vidole vibaki wazi. Minya ukucha, rangi irudi ndani ya sekunde 2. Ikichelewa umekaza mno. Mguu uinuliwe juu ya usawa wa moyo. Kwa maumivu, parasetamoli miligramu 15 kwa kila kilo ya uzito, kila baada ya saa 6: mtoto wa kilo 34 ni kidonge kimoja cha miligramu 500. Aspirini asipewe.

Maji ya moto na kuchua siku tatu za kwanza ni kosa, hata kama bibi amefanya hivyo miaka yote. Mishipa midogo imechanika. Joto linaitanua, damu inazidi kuvuja na uvimbe unakua. Na mlio unaosikika mtu akivuta mguu si mfupa "unaorudi". Kwenye kuteguka kwa kawaida hakuna mfupa uliotoka mahali pake.

Maumivu yakipungua, mazoezi yaanze mapema: achore herufi hewani kwa kidole gumba cha mguu, ainuke kwa vidole, asimame kwa mguu mmoja sekunde 30, kwanza macho wazi, halafu amefumba. Hatua hii ndiyo huruka wengi, na ndiyo maana kifundo kilekile huteguka tena na tena. Arudi uwanjani akiweza kuruka kwa mguu ulioumia mara 10 bila maumivu, kukimbia kwa kukata kona, na kusimama ghafla.

Kisigino kinachouma bila kuteguka kwa mtoto wa miaka 8 hadi 14, au nundu iliyo chini ya goti kwa wa 10 hadi 15, mara nyingi ni mzigo wa mazoezi. Hutokea sana timu ya UMITASHUMTA, michezo ya shule za msingi Tanzania, ikiwa kambini. Dawa ni kupunguza mbio na miruko, si sindano. Lakini kijana anayechechemea kwa maumivu ya goti, hasa mwenye uzito mkubwa, apimwe nyonga pia. Huko ndiko tatizo hujificha.

Kuzuia ni nafuu kuliko wengi wanavyodhani. FIFA ina programu ya kupasha mwili ya watoto wa miaka 7 hadi 13, yenye mazoezi 7, yote kwa jumla dakika 15 hadi 20: usawa wa mguu mmoja, kuruka na kutua magoti yakiwa yamekunjwa bila kuingia ndani, kujiimarisha tumbo na mgongo, kuanguka kwa usalama. Utafiti wa nchi nne za Ulaya uliochapishwa 2018 ulikuta majeraha yamepungua karibu nusu. Ifanyeni mara mbili kwa wiki badala ya kuzunguka uwanja. Na magoli ya kuhamishika yafungwe chini kwa nguvu, kwa sababu goli likimwangukia mtoto linaweza kumuua.