Siku moja maishani mwangu: Kuipima kadi ya jiji la Oslo nikiwa Dodoma

Saa 12:00 asubuhi

Ninafanya kazi katika ofisi ndogo ya uwakala wa safari karibu na Nyerere Square. Wateja wangu wengi ni watumishi wa umma wanaokwenda mafunzoni, wahadhiri, na siku hizi wazazi wanaowafuata watoto wao wanaosoma ng'ambo. Leo ni zamu ya wazee wawili wastaafu wa Makole, ambao mwezi Julai watakwenda na mjukuu wao wa miaka tisa kumtembelea binti yao Oslo, Norway. Chai ilikuwa bado jikoni nilipousoma ujumbe wa binti huyo. Alitaka kuwanunulia wote watatu Oslo Pass ya saa 72, kadi ambayo humfungulia mgeni milango ya makumbusho mengi ya jiji, humruhusu kuogelea katika bwawa la umma na kupanda basi, tramu, treni ya chini ya ardhi na vivuko bila kununua tiketi nyingine. Aliuliza jambo moja tu: "Dada, inalipa?"

Swali hilo ninalipenda na ninalichukulia kwa uzito. Fedha zinazozungumzwa ni za kiinua mgongo cha wazee, na mtu aliyeziweka miaka yote hiyo anastahili jibu lililopigiwa hesabu.

Saa 1:15 asubuhi

Ndani ya daladala kutoka Ilazo kuelekea Sabasaba, konda alipita akigongagonga sarafu, nami nikakumbuka kwamba hili ni la kuwaeleza wazee mapema. Oslo hakuna konda wa kukudai nauli, na katika vituo vya treni ya chini ya ardhi abiria hupita moja kwa moja hadi kwenye reli. Mgeni anaweza kudhani usafiri ni wa bure, kumbe wakaguzi huingia bila taarifa, na asiye na tiketi halali hutozwa faini nzito. Mwenye kadi naye lazima awe ameiwasha kabla ya kupanda. Kuwa nayo mfukoni bila kuiwasha ni sawa na kutokuwa na tiketi.

Saa 2:30 asubuhi

Mteja wa kwanza alikuwa afisa wa wizara moja kule Mtumba, anayekwenda Berlin kwa semina. Yeye nilimaliza naye haraka. Berlin WelcomeCard huuzwa kwa kanda, na uwanja wa ndege wa BER, uliofunguliwa mwaka 2020, uko kanda C, kwa hiyo kadi ya kanda A na B pekee haimfikishi uwanjani. Nilimweleza pia kwamba kadi hiyo ya kawaida humpa usafiri pamoja na punguzo la viingilio, haimwingizi bure kila mahali kama ile ya Oslo. Kadi za majiji hufanana kwa sura na hutofautiana sana kwa yaliyomo, na anayeisifia kadi ya mji mmoja kwa uzoefu alioupata mji mwingine humpotosha mwenzake bila kukusudia.

Saa 4:00 asubuhi

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipoanza. Nilichukua karatasi kubwa ya manila, nikachora kwa rula mistari ya saa, siku moja chini ya nyingine, kuanzia Jumamosi watakapofika hadi Ijumaa ya kuondoka. Sikuanza na bei, nilianza na saa, kwa sababu Oslo Pass huuzwa kwa saa 24, 48 au 72, na saa hizo huanza kuhesabiwa pale kadi inapotumiwa mara ya kwanza. Siku ya kalenda haina nafasi katika hesabu hiyo. Anayeiwasha saa tano asubuhi ya Jumanne anakuwa nayo hadi saa tano asubuhi siku inayofuata, au Alhamisi ikiwa ni ya saa 48. Jambo hilo dogo ndilo linaloamua kila kitu, maana kadi ya siku mbili ikiwashwa kwa akili hugusa siku tatu.

Kisha nikaweka msalaba mwekundu juu ya Jumatatu. Makumbusho ya Taifa, yaliyofunguliwa katika jengo lake jipya mwezi Juni 2022, kwa kawaida hufungwa siku hiyo, na kuwasha kadi Jumatatu ni kuanza kulipia milango iliyofungwa. Jumapili nayo sikuigusa, kwa kuwa wazee watataka kwenda kanisani na kupumzisha miguu baada ya safari ndefu.

Hatua iliyofuata ilikuwa kuondoa kwenye orodha ya binti kila kitu ambacho hakihitaji kadi. Bustani ya Vigeland, yenye sanamu zaidi ya 200, haina kiingilio usiku wala mchana. Paa la jumba la opera, ambalo watu hupanda kwa miguu kutoka ukingoni mwa maji, ni la bure. Viwanja vya ngome ya Akershus ni vya bure pia. Matangazo ya safari hupenda kuvipanga vitu hivi pamoja na vile vya kulipia, msomaji akaona utajiri wote huo umo ndani ya kadi. Nilipoviondoa, siku tatu za binti zikasinyaa zikawa mbili na asubuhi moja. Saa 72 hazikuhitajika tena, ingawa nakiri zinavutia, kwa kuwa bei yake haifiki hata mara mbili ya ile ya saa 24. Bei nafuu kwa saa ambazo mzee wa miaka 71 mwenye goti bovu atazilala kitandani haimsaidii.

Vilivyobaki nilivipanga kwa ujirani wake. Jumanne saa tano asubuhi wataiwasha kadi kwenye Makumbusho ya Taifa, palipo na ule mchoro wa Edvard Munch wa mwaka 1893 wa mtu anayepiga ukelele darajani. Kwa ajili hiyo nililiacha jumba la Munch lenyewe lililoko Bjørvika, kwani nyumba mbili za picha ndani ya siku mbili zingewachosha. Dakika chache kwa miguu kutoka Makumbusho ya Taifa kipo Kituo cha Amani cha Nobel, na jirani yake ni ukumbi wa jiji ambamo Wangari Maathai alikabidhiwa tuzo yake Desemba 2004. Mzee alikuwa mwalimu wa historia, na pale nilimwachia muda mrefu kuliko mahali pengine popote.

Makumbusho mengi hufungwa jioni, lakini mwanzoni mwa Julai jua la Oslo huzama baada ya saa nne usiku. Saa hizo za mwanga ni mali ya upande wa usafiri wa kadi. Kutoka gati lililo karibu na ukumbi wa jiji, kivuko cha umma huwapeleka kisiwa cha Hovedøya, penye magofu ya nyumba ya watawa iliyoanzishwa mwaka 1147, na tiketi yake imo ndani ya kadi. Nadhani hii ndiyo saa bora kuliko zote katika ratiba yangu, na wageni wengi huikosa kwa sababu wanaiona kadi kuwa ni ya makumbusho tu.

Jumatano yote ni ya rasi ya Bygdøy, kwa basi namba 30. Kuna makumbusho ya wazi yenye nyumba za kale zipatazo 160, pamoja na kanisa la mbao la Gol lililojengwa takriban mwaka 1200. Kuna meli ya Fram, ambayo Roald Amundsen aliitumia katika msafara uliofika Ncha ya Kusini tarehe 14 Desemba 1911, na mgeni huruhusiwa kupanda melini na kuona vyumba vya mabaharia. Hatua chache kutoka hapo kuna Kon-Tiki, chelezo cha magogo ambacho Thor Heyerdahl alisafiri nacho mwaka 1947 kutoka Peru hadi visiwa vya Polynesia kwa siku 101. Mjukuu nimemwekea hivyo viwili mwanzo, kabla hajachoka.

Saa 7:00 mchana

Nilikula wali maharage haraka kibandani, kisha nikarudi kwenye bei. Kwa watu wazima jibu lilikuwa wazi: makumbusho matano, bwawa na usafiri wa saa 48, kila kimoja kikilipiwa peke yake, vilizidi bei ya kadi kwa kiasi kikubwa. Kwa mtoto hesabu ilikataa. Baadhi ya makumbusho hayo humwingiza mtoto bure, mengine humtoza kidogo, na nauli yake ni ya chini, hivyo kumnunulia kadi kungekuwa hasara. Nilipima pia bei ya wazee. Punguzo la kadi huanzia miaka 67, na mama ana miaka 64, kwa hiyo yeye atalipa kama mtu mzima wa kawaida. Kwa mzee nililinganisha kadi yake na viingilio vya wazee, maana ukiilinganisha na viingilio vya watu wazima utaona faida kubwa kuliko iliyopo.

Saa 8:30 mchana

Wazee waliingia wakiwa wamevaa nadhifu, mzee na fimbo yake, mama na mkoba wenye hati za kusafiria zilizofungwa kwenye mfuko wa nailoni.

"Mbukwenyi," nikawasalimu kwa Kigogo, kisha, "Shikamooni."

"Marahaba mwanangu. Tuoneshe hiyo karatasi yako."

Niliitandaza mezani. Mzee alifuata mistari kwa kidole, taratibu, hadi kwenye mstari wa Alhamisi saa tano asubuhi.

"Hapa panakwisha?"

"Hapa kadi inakwisha, mzee. Ila mkishaingia mlangoni kabla ya saa tano, hakuna anayewatoa."

Ndiyo maana Alhamisi asubuhi nimeiwekea bwawa. Frognerbadet ni bwawa la wazi lililofunguliwa mwaka 1956, linalofanya kazi majira ya joto tu, na liko ubavuni mwa bustani ya Vigeland. Wataingia mapema kwa tramu namba 12 wakati kadi ingali hai, mtoto ataogelea mpaka aridhike, kisha watatoka kwa miguu hadi kwenye sanamu, ambako hakuna anayeuliza kadi. Kurudi nyumbani tu ndiko kutahitaji tiketi ya kawaida kwa kila mmoja.

Mama alinivuta pembeni kuuliza kuhusu mavazi. Nilimwambia ukweli wote: wanawake na wanaume wana vyumba tofauti vya kubadilishia nguo, na desturi ya mabwawa ya kule ni mtu kuoga kwa sabuni bila nguo ya kuogelea kabla ya kuingia majini. Alinyamaza kidogo, kisha akasema atakaa ukingoni na kumtazama mjukuu. Basi nikamtolea kiingilio cha bwawa kwenye hesabu yake, na kadi ikabaki yenye faida hata hivyo.

Jambo la simu lilituchukua muda. Kadi siku hizi hukaa kwenye programu ya simu, na mzee anatumia kitochi. Zote mbili zitakaa kwenye simu janja ya mama, maana yake ni kwamba hawawezi kutengana mlangoni wala ndani ya basi, na simu hiyo ikizima chaji wote wawili hawana tiketi. Niliandika kwa herufi kubwa juu ya karatasi: WABEBE CHAJA YA MKONONI.

Saa 10:30 jioni

Mwenzangu ofisini aliuliza kwa nini Dodoma haina kadi ya namna hii. Nimeliwaza sana jambo hilo. Tunayo makumbusho ya jiolojia, tunao Mlima Simba, na michoro ya miambani ya Kondoa imo katika urithi wa dunia tangu mwaka 2006. Kinachokosekana ni ule uti wa mgongo, yaani usafiri wa umma wenye tiketi moja inayotambulika na kila gari. Kolo, kijiji chenye michoro hiyo, iko mbali na mjini, na daladala zetu ni za wamiliki wengi wanaopokea fedha taslimu. Kadi ingeweza kuanza na viingilio peke yake, na mimi ningekuwa wa kwanza kuiuza, lakini nisingemwahidi mgeni usafiri ambao hatujaujenga.

Saa 12:00 jioni

Oslo ilikuwa saa kumi na moja, kwa kuwa majira haya tunawatangulia kwa saa moja, na binti alikuwa ametoka darasani. Nilimsomea ratiba kwa simu. Alikubali saa 48 badala ya 72, kadi mbili badala ya tatu, na akaahidi kuzinunua Jumatatu usiku lakini asiziwashe hadi watakapofika mlangoni. Aliuliza kuhusu safari ya kutoka uwanja wa ndege wa Gardermoen. Uwanja huo uko nje ya kanda za kadi, na treni ya haraka ya uwanjani haimo pia, kwa hiyo nilimshauri awakatie tiketi za treni ya kawaida, ambayo ni nafuu zaidi na huwafikisha kituo kile kile cha katikati ya jiji. Niliongeza mstari huo kwenye karatasi chini ya Jumamosi, nikaipiga picha na kumtumia, kisha nikafungua faili la mhadhiri anayekwenda Geneva, ambako hoteli humpa mgeni kadi ya usafiri bure kwa siku zote atakazolala hapo.