Kutoka Erbil hadi fleti za Kikwajuni

Nimerudi. Wiki ya tatu sasa nalala chumba kilekile nilichokiacha 2013, hapa kwenye fleti za Kikwajuni, Zanzibar, na kila jioni barazani swali ni moja: "Huko Iraq ulikuwa vitani?" Nilikuwa Erbil, wenyewe wanauita Hewlêr, mji mkuu wa Kurdistan ya Iraq. Nikifanya kazi mapokezi ya hoteli.

Mzanzibari hahitaji maelezo marefu kuielewa Kurdistan. Wakurdi wana rais wao, bunge lao, bendera yao, hata askari wao, Peshmerga. Lakini katiba ya Iraq ya 2005 imeyaweka mambo ya nje mikononi mwa Baghdad. Kwa lugha yetu, ni jambo la Muungano. Ndiyo maana Erbil huoni ubalozi kamili, zipo balozi ndogo tu, zaidi ya thelathini. Wageni wa Washington niliwaandikia vyumba asubuhi, wa Ankara jioni, na wote walikuja kuonana na serikali ambayo hakuna nchi inayoitambua kuwa dola.

Rafiki yao mkubwa ni Marekani. Wazee wa kule urafiki huo wanauhesabu kwa miaka, kama sisi tunavyohesabu mavuno ya karafuu. 1975, Iran na Iraq zilipoafikiana Algiers, msaada wa Marekani kwa Wakurdi waliokuwa wakipigana na Baghdad ulikatwa ghafla. Kiongozi wao Mustafa Barzani akafia ugenini, Washington, 1979. 1991 ndege za Marekani, Uingereza na Ufaransa zikalinda anga la kaskazini, watu wakashuka milimani walikolikimbia jeshi la Saddam Hussein, na mwaka uliofuata wakachagua bunge lao la kwanza. 2014 nilishuhudia mwenyewe. Agosti ile Daesh, wapiganaji wanaojiita Dola ya Kiislamu, walikuwa mwendo wa gari usiofika saa moja kutoka tulipo, mji umejaa wakimbizi, wanalala makanisani na kwenye majengo ambayo hayajaisha. Obama alipotangaza kwamba ndege zitapiga, mpishi wetu alikaa chini jikoni akalia. Simruhusu mtu kuniambia kwamba msaada ule haukuwa wa kweli.

Halafu ikaja 2017. Marekani iliwaomba waahirishe kura ya maoni ya uhuru, hawakuahirisha. Tarehe 25 Septemba mwenzangu wa mapokezi alikuja kazini kavaa nguo zake za Kikurdi, kidole kina wino, ananionesha kama mtoto anavyoonesha nguo ya Idi. Nilikuwa namwita Kaka. Kwao pia ni hivyohivyo, kaka ni ndugu wa kiume na ni neno la heshima. Zaidi ya asilimia 92 walisema ndiyo.

Siku nne baadaye, Ijumaa saa kumi na mbili jioni, safari zote za ndege za kimataifa zikasimamishwa kwa amri ya Baghdad. Tangu alfajiri wageni walipanga foleni mbele yangu kurudisha funguo, wengine hawakungoja hata chenji. Tarehe 16 Oktoba jeshi la Iraq likaingia Kirkuk, mji wa mafuta uliokuwa mikononi mwa Wakurdi, na Marekani ikasema haiegemei upande wowote. Kaka alisikiliza habari ile amesimama, mkono juu ya kaunta. Hakusema neno mpaka zamu ikaisha.

Novemba baba akafariki. Viza yangu ilikuwa ya Kurdistan, haikufaa kupitia Baghdad, na ya kutokea Uturuki kwa barabara sikuwa nayo. Maziko nisingeyawahi kwa vyovyote, hilo nalijua. Lakini hata arubaini ilinipita. Anga lilifunguliwa Machi 2018.

Juzi barazani kijana mmoja alisema Zanzibar ingekuwa na mabalozi wake yenyewe mambo yangenyooka. Sikumpinga. Nilimuomba atazame ukuta alioegemea. Fleti hizi zilijengwa kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, iliyotambuliwa na Zanzibar mapema 1964, baada tu ya Mapinduzi. Muungano ulipokuja, ubalozi wao hapa ukawa mgogoro na Ujerumani Magharibi, isiyotaka mwenzake atambuliwe, na 1965 ukashushwa ukawa ubalozi mdogo. Mzee wa ghorofa ya chini aliyakumbuka hayo vizuri kuliko mimi. Akatukumbusha na OIC, ile jumuiya ya nchi za Kiislamu, tulivyojiunga tukajitoa 1993 kwa kuwa mambo ya nje ni ya Muungano. Ilipoadhiniwa Isha bado tunazungumza.

Desemba 2025 Marekani ilizindua jengo jipya la ubalozi wake mdogo Erbil, linalotajwa kuwa kubwa kuliko balozi zake ndogo zote duniani. Kaka alinitumia picha, ana furaha. Kwake jengo la ukubwa ule maana yake hawataondoka. Mimi nikamtumia picha ya ngazi zetu, nikamweleza nani alijenga.

"Hao Wajerumani bado wanakuja?" akauliza.

Nikamwambia nchi yao yenyewe haipo tangu 1990. Akanyamaza kidogo, kisha akamuulizia mama.