Posa Haipelekwi Nusu Nusu

Wazo la kupanda ndege lilikuwa langu. Naanza na hilo ili nisije nikaonekana namtafuta mtu wa kumtupia lawama.

Mdogo wangu alikuwa amepata mchumba wa Kihaya, wakasoma wote chuo, wakapendana. Ukoo wetu wa Rufiji ukatakiwa kupeleka mahari kwa kina binti, Kanazi, nje kidogo ya Bukoba. Siku ikapangwa: Ijumaa moja ya Novemba 2021, saa nne asubuhi, ili mambo yaishe kabla ya swala. Barua ya wakwe ilikuwa na adabu zote, ila kulikuwa na sentensi moja iliyopigiwa mstari kwa kalamu nyekundu: wageni wakichelewa, faini ni shilingi elfu hamsini kwa kila nusu saa.

Wazee walitaka basi. Kutoka Dar es Salaam hadi Bukoba ni karibu kilomita 1,400, na wakati huo mabasi yalikuwa bado yanakatazwa kukesha barabarani, kwa hiyo usiku ungetukuta njiani, tunalala kwenye viti. Mimi nikajitia ujuzi. Nikawaambia tutaondoka Alhamisi saa sita mchana, saa kumi tuko Bukoba tunakunywa chai, Ijumaa tunaamka wabichi. Shangazi yangu, ambaye hakuwahi kupanda ndege, aliniuliza mara tatu, "Una hakika, mwanangu?" Mara zote tatu nikajibu ndiyo.

Msafara ulikuwa wa watu wanne: baba mkubwa, shangazi, mshenga wetu na mimi mbeba mizigo. Baba mkubwa alikuwa na bahasha ya kaki ameifunga kwenye leso, akaisokomeza mfuko wa ndani wa koti. Tangu tulipotoka Mbagala mkono wake wa kulia haukubanduka kifuani. Askari wa ukaguzi uwanjani walipomwambia avue koti lipite kwenye mashine, alilisindikiza kwa macho kama mtu anayemwona mwanawe akipanda meli.

Pale jengo la pili tuliambiwa ndege imechelewa kidogo. Hicho "kidogo" kilitufikisha saa nane. Mshenga, mtu wa maswali, akataka kujua kwa nini ndege ichelewe wakati mvua hakuna na sisi tumeshafika. Kijana mmoja wa sare akatueleza kwa upole kwamba ndege yetu ilikwenda mkoa mwingine asubuhi na bado haijarudi.

Hapo ndipo nilipoielewa biashara hii. Abiria tunadhani kila safari ina ndege yake imekaa inatusubiri. Kumbe njia hizi za mikoani ndege moja hufanya kazi ya daladala: inakwenda, inarudi, inashusha, inapakia, inakwenda tena. Ikikwama asubuhi kwa robo saa, watu wa jioni wanakwama kwa saa mbili. Na kule mwisho wa njia yetu kulikuwa na jambo jingine ambalo sikulijua: siku hizo ndege hazikuwa zikitua Bukoba jua likishazama. Kwa hiyo kuchelewa kwetu hakukuwa kuchelewa tu. Kila dakika tuliyokaa Dar ilikuwa inakatwa kutoka kwenye mwanga wa Bukoba.

Tulitua Mwanza karibu saa kumi, wengine wakashuka, sisi tukabaki vitini, tukaruka tena. Ilikuwa ndege ya mapangaboi. Shangazi alikuwa amezoea kidogo, hata aliachia mkono wangu. Chini lilikuwa ziwa tupu, kisha likaja wingu. Wingu lenyewe lilikuwa la kijivu cha jivu la mkaa, na mvua ikawa inapiga vioo kwa ubavu. Mara moja tu, kupitia tundu la wingu, nilikiona kisiwa cha Musira kimekaa majini mbele ya mji, nikasema tumefika. Tundu likafumba. Ndege ikazunguka. Ikazunguka tena. Mama mmoja nyuma yetu akaanza kusoma rozari kwa sauti, na baba mkubwa akaushika mfuko wake kwa mikono miwili.

Kisha sauti ya rubani ikatuambia kwamba hali ya hewa Bukoba hairuhusu kutua, tunarudi Mwanza.

Pale Mwanza tukakalishwa kwenye ukumbi wa kusubiri, tunatazama nje kwa mlango wa vioo. Mwanza kulikuwa kukavu, jua linawaka, na hilo ndilo lililotia watu hasira. Ukiwa kwenye jua ni vigumu kuamini mvua ya mwenzako. Ilipofika saa kumi na moja na nusu, dada wa kaunta akasimama na karatasi mkononi. Hakuna aliyemsubiri asome. Tulishaona usoni.

"Safari ya Bukoba imefutwa."

Ukumbi ukalipuka. Kulikuwa na mzee anayewahi maziko, amefunga mkononi kitambaa cheusi. Kulikuwa na mama aliyetoka Muhimbili na mtoto mwenye bandeji ya jicho, hana hata elfu kumi ya ziada. Na kulikuwa na bwana mmoja wa makamo ambaye hakupiga kelele kabisa; alikuwa anauliza jambo moja tu, maboksi yake yako wapi. Maboksi yalipoletwa kwenye toroli tukasikia yanalia: vifaranga wa siku moja, maboksi manne yenye matundu ubavuni. Akanieleza kwamba kifaranga akitotolewa hubaki na kiini cha yai tumboni, anaweza kukaa kama siku mbili bila chakula wala maji, lakini yeye alishatumia siku moja na nusu. Alikuwa anahesabu saa kama sisi, tofauti ni kwamba faini yake ilikuwa inalia ndani ya boksi.

Nikasogea kaunta. Sijivunii nilichosema pale. Nilimwambia yule dada kwamba rubani wao ni mwoga, kwamba wenzake wanatua na mvua kila siku, kwamba wingu si ukuta. Nilisema kwa sauti ili wazee wangu wasikie kwamba kosa si langu. Shangazi, aliyekuwa amekaa juu ya begi, akanivuta shati. "Kama ameogopa yeye mwenye kazi yake, mimi na wewe ni nani tusiogope?"

Mwaka mmoja baadaye, Jumapili ya tarehe 6 Novemba 2022, ndege iliyotoka Dar kwenda Bukoba iliangukia ziwani karibu na uwanja ule ule, hali ya hewa ikiwa mbaya. Ndani mlikuwa na watu 43, wakafa 19. Wavuvi ndio waliokuwa wa kwanza kufika na mitumbwi yao. Nilikuwa nyumbani kwa mdogo wangu, shemeji amesimama na simu jikoni, anapiga namba moja baada ya nyingine za kwao. Sikuweza kukaa. Nilikuwa namwona yule dada wa kaunta na ile karatasi yake, na mimi nikimnyooshea kidole.

Lakini jioni ile ya Mwanza sikuwa na akili hiyo. Nilikuwa na saa ukutani.

Dada akatuambia waliokata tiketi watapelekwa kesho. Ila ndege ya kesho ilikuwa imejaa tangu wiki iliyopita, nafasi zilizobaki ni chache, na sisi wanne angeweza kutuingiza wawili. Wawili wengine Jumamosi. Hili watu hulisahau wanapozungumzia ndege kufutwa: abiria wa leo hawana ndege yao ya kesho, wanachomekwa kwenye viti vilivyoachwa na abiria wa kesho. Kijana mmoja aliyejitambulisha kuwa mwanasheria akaanza kutaja kanuni, chakula, mahali pa kulala, akataja hadi Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Usafiri wa Anga, kwamba atapeleka malalamiko. Dada akasikiliza mpaka mwisho, akasema hali ya hewa ni amri ya Mungu, kisha akaenda akarudi na katoni ya soda na biskuti. Mwanasheria akachukua Fanta.

"Wawili watangulie," nikashauri. "Baba mkubwa na mshenga."

Shangazi akanitazama kama nimetukana. "Posa haipelekwi nusu nusu."

Aliyetuokoa ni bwana wa vifaranga. Alikuwa ameshainama anafunga maboksi kwa kamba, akasema bila kuinua kichwa, "Leo Alhamisi. Meli inaondoka saa tatu."

Alikuwa na maana ya MV Victoria, ile iliyoandikwa New Victoria Hapa Kazi Tu. Ilikuwa imerudi majini mwaka 2020 baada ya kukaa miaka bila kazi, inavuka usiku kutoka Mwanza, inapita Kemondo, inamalizia Bukoba. Mimi nikafurahi. Shangazi akanyamaza, na kunyamaza kwake nilikujua. Mtanzania wa umri wake huwezi kumtajia meli ya Bukoba asikumbuke tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilipozama karibu na Mwanza hii hii na mamia ya watu ndani. Sisi ni watu wa Rufiji, maji tumezaliwa nayo, lakini msiba ule ulifika kila nyumba yenye redio.

"Kwa hiyo," akasema baada ya kitambo, "hewani tumekataliwa, sasa tunaenda kubisha hodi chini."

Kazi ikawa begi. Begi la vitenge, mkaja wa mama na kanzu ya baba mkwe lilikuwa bado tumboni mwa ndege, na mtu wa mizigo akashikilia kwamba mizigo ya Bukoba inalala humo humo mpaka kesho. Baba mkubwa, ambaye tangu Dar hajasema maneno kumi, akamwendea. Sikusikia alichomwambia. Niliona tu anafungua koti, anaonyesha bahasha bila kuitoa, anafunga. Dakika kumi baadaye begi likaja, lina kikaratasi kimefungwa mkononi chenye herufi BKZ, alama ya uwanja wa Bukoba.

Teksi ikatupitisha Pasiansi, Kirumba, harufu ya dagaa ikiingia madirishani, mpaka bandarini. Vitanda vilikuwa vimekwisha. Tukapata viti vya daraja la tatu, tukabanana na mikungu, magodoro, jenereta la mtu na maboksi manne yanayolia. Mama wa Muhimbili naye alikuwamo. Abiria wa ndege iliyofutwa walikuwa wamemchangia nauli pale pale ukumbini, na mwanasheria ndiye aliyepitisha kofia. Meli ilipopiga honi shangazi alishika ncha ya mtandio wangu wa shingoni, akasoma alichosoma, akalala. Mimi sikulala. Kila nilipofumba macho nilisikia vifaranga, na kila waliponyamaza niliamka kuwasikiliza. Usiku wa manane nilimkuta yule bwana amewasha tochi ya simu, anaingiza kidole kwenye matundu, anawagusa mmoja mmoja.

"Wangapi?" nikamwuliza.

"Wawili tu wamekufa."

Alfajiri tukashuka Kemondo. Na hapa ndipo niliposhangaa: Kanazi ipo jirani na Kemondo. Ndege ingetupeleka mjini Bukoba, kisha turudi nyuma kwa gari. Saa moja kasoro asubuhi tulikuwa kwenye geti la wakwe, saa tatu nzima kabla ya wakati, nguo zimekunjamana, mshenga ana alama ya kamba ya begi shavuni.

Tulikuta vijana wanafagia uwanja, wanawake wamekaa kwenye nyasi wanamenya ndizi, na baba mkwe mwenyewe yuko na mswaki mdomoni. Akatutazama, akautazama mswaki, akaingia ndani. Mshenga wao akatoka akifunga vifungo vya shati, akatukaribisha kwa heshima zote, tukaletewa kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, punje zimekauka na kung'aa kama shanga. Kisha akatoa tamko: wageni wanaoingia kabla uwanja haujafagiwa wamemvunjia mwenye nyumba faragha yake, na kosa hilo lina faini.

"Barua ilisema kuchelewa," mshenga wetu akapinga.

"Kuwahi hatukukuandika, waitu, kwa sababu halijawahi kutokea."

Tukalipa elfu hamsini. Baba mkubwa alizitoa kwenye mfuko wa suruali; bahasha haikufunguliwa mpaka saa nne kamili.

Mazungumzo yalikuwa katikati, tumefika kwenye mkaja wa mama, ndege ilipopita juu yetu ikiteremka kuelekea mjini. Mbingu ilikuwa nyeupe, hakuna wingu hata la kufutia kioo. Wote tukainua vichwa. Mama mkwe akauliza kama ndiyo tuliyokuwa tuipande. Shangazi alikuwa ameshika lile begi magotini, kikaratasi cha BKZ bado kinaning'inia, maana hakuna aliyekumbuka kukikata.

"Ndiyo hiyo," akasema. "Imechelewa. Itozeni faini."