Siku moja gereji ya Nyakato, Mwanza: mkoromo wa asubuhi kwenye gari lenye waranti

Saa 12:45 asubuhi

Gari la kwanza limelala hapa hapa ndani ya geti tangu jana saa 11 jioni. Ni la petroli, silinda nne, injekta zinazopuliza mafuta moja kwa moja ndani ya silinda. Limetembea kilomita 31,400, na waranti yake ni miaka mitatu au kilomita 100,000, chochote kitakachotangulia. Karatasi ya kazi inasema: "Linakoroma likiwashwa, kisha linatulia."

Sauti ya aina hii ukishawasha mara moja imekwenda, mpaka oili ishuke tena kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini. Ndiyo maana gari la malalamiko haya lazima lilale gereji. Likiletwa saa 3 limeshapenya foleni ya Buzuruga, hakuna cha kusikiliza. Funguo ziko ofisini, na juu ya usukani kuna karatasi: USIWASHE. Mlinzi naye ameambiwa, maana wapo walinzi wenye mkono mwepesi wa kusogeza magari.

Boneti juu. Kijiti cha oili kinafutwa, kinarudishwa, kinatolewa tena: oili iko juu kidogo ya alama ya chini. Inapigwa picha. Haiongezwi hata tone, kwa sababu ukiongeza sasa umefuta ushahidi. Ingekuwa chini ya alama ile, tusingewasha kabisa.

Kwenye stika ya service ya mwisho imeandikwa 20W-50, oili nzito. Kitabu cha gari kinataka 0W-20, oili nyepesi. Hapo kila fundi ameshahisi jibu, lakini hisia haidai waranti.

Saa 1:05

Simu mbili zinarekodi. Moja iko ndani, inaangalia dashibodi ili kilomita, joto na mizunguko ya injini vionekane. Nyingine iko mbele, upande wa kava la cheni ya taimingi, ile inayozungusha shafti ya valvu. Joto la hewa ni nyuzi 19, na hilo nalo linaandikwa. Maelekezo mengi ya watengenezaji kuhusu kelele za asubuhi yameandikwa kwa nchi za barafu, ambako pistoni hupiga ukuta wa silinda mpaka ipate joto na kutanuka. Kwa asubuhi za Mwanza, mkoromo mkubwa usiusingizie baridi.

Stata. *Krrrrr*, sekunde mbili, kutoka juu ya kava la cheni. Kisha kimya, ila *tiki-tiki-tiki* nyepesi inabaki.

Hizo ni sauti mbili na zisichanganywe. Tiki-tiki ni injekta. Mafuta kwenye injini hizi husukumwa kwa presha inayopita bar 100, kwa hiyo mlio wake ni mkali kuliko wa injini za zamani. Stetoskopu ikiwekwa kwenye bomba la injekta, zote nne zinalia sawa. Ingekuwa tapeti, vile vinavyosukuma valvu, mlio ungesikika kwenye kava la valvu, tena kwenye silinda moja au mbili tu. Ingekuwa gaskiti ya eksozi inayovuja, ungepungua chuma kikipata moto, na ungeona masizi meusi kwenye kiungo. Beringi ya konrodi, mkono unaoshika pistoni, haifanani na hizi hata kidogo: hugonga kwa sauti nzito, hasa kwenye mizunguko 2,000 hadi 3,000 unapoachia mafuta. Ukiisikia hiyo, zima gari hapo hapo na uite la kuvuta.

Saa 2:00

Mwenye gari amefika. Ananunua dagaa Sengerema na kuuza mjini.

"Shikamoo, mama. Huo mkoromo ni asubuhi tu, au hata mchana ukishapaki?"

"Marahaba, mwanangu. Hata mchana. Nikikaa Sengerema saa mbili, tatu, nikisubiri mzigo, nikiwasha linakoroma."

Jibu hilo linapunguza kazi ya nusu siku. Ndani ya filta ya oili kuna kivalvu cha mpira kinachozuia oili isirudi chini injini ikizimwa. Kikiwa kizima, gari hulala usiku kucha na oili ikabaki kwenye njia zake. Mkoromo ukirudi baada ya saa tatu tu, filta ndiyo mtuhumiwa wa kwanza, kabla ya tenshena inayokaza cheni, na gia ya kamshafti (shafti ya valvu) inayobadilisha taimingi, yaani wakati wa valvu kufunguka. Zote mbili hutegemea presha ya oili. Gia ile ina pini inayoifunga injini ikizimwa. Pini isiposhika, gia huchezacheza mpaka oili ifike.

Kabla ya daraja la Kigongo–Busisi kufunguliwa Juni 2025, wateja wa ng'ambo ya Sengerema walizima na kuwasha kwenye foleni ya kivuko, na kelele kama hizi walizigundua mapema. Siku hizi wanapitiliza.

Saa 2:40

Kompyuta. Taa ya injini haiwaki, ila tunasoma kodi zote za hitilafu, hata zile zinazosubiri. Hakuna P0016, inayosema kamshafti na krankishafti (shafti inayozungushwa na pistoni) hazipatani, ambayo huashiria cheni iliyolegea au kuruka jino. Hakuna P0011 ya taimingi ya kamshafti kutangulia mno, wala P0300 ya kumisi, yaani silinda kukosa kuwaka. Tunaangalia pia umbali tangu kodi zifutwe: kilomita 2,900. Ingekuwa kilomita 6, tungejua kuna mtu amepita na mashine yake njiani. Hakuna kodi inayofutwa, hata ile isiyohusika, kwa sababu mkaguzi wa waranti ataitafuta.

Saa 3:30

Barabarani, mpaka mlima wa Bugando. Gia ya tatu, mwendo wa 40, mafuta yanakanyagwa taratibu. Mlima hutoa kelele mbili ambazo tambarare ya barabara ya uwanja wa ndege haitoi: mafuta yanayolipuka kabla ya wakati, mlio kama kokoto ndani ya kopo, na beringi iliyochoka. Zote hazipo. Saa 4:30 gari linazimwa na kuachwa.

Saa 5:00

Katikati kuna pikapu ya dizeli iliyotoka Usagara ikipiga mluzi. Maji kidogo yananyunyizwa kwenye mkanda: mluzi ukibadilika, shida ni mkanda au mkazo wake. Haukubadilika. Mkanda unatolewa, injini inawashwa sekunde 20 tu, kwa sababu pampu ya maji haizunguki. Kimya. Puli ya kati ikizungushwa kwa mkono inakwaruza, beringi yake imekula vumbi. Mkanda ni kitu cha kuchakaa, waranti haiugusi, lakini puli inaweza kulipwa. Kwa hiyo puli ya zamani haitupwi; inafungwa kwenye mfuko na kuandikwa namba ya chasi.

Saa 7:30 mchana

Tunarudi kwenye gari la asubuhi. Limekaa saa tatu kamili. Kamera, stata: *krrr*, sekunde moja. Mama alisema kweli.

Injini ikipata moto, swichi ya presha ya oili inatolewa na geji inafungwa mahali pake. Bila kukanyaga mafuta ni bar 1.1, kwenye mizunguko 2,500 ni bar 3.4. Viko ndani ya vipimo vya kitabu. Pampu ni nzima, lakini kipimo hiki hakisemi oili inachelewa kiasi gani kufika, na ucheleweshaji ndio kesi yetu.

Oili inamwagwa. Nusu lita ya kutoka katikati ya mmwago inaingia kwenye chupa safi yenye namba ya chasi, kilomita na tarehe. Filta si ya kiwandani. Inakatwa, karatasi yake inakunjuliwa juani: hakuna vumbi la kung'aa la beringi. Kivalvu chake cha mpira kimekakamaa, kimejikunja ukingoni. Picha tatu. Inaingia filta sahihi na lita 4.2 za 0W-20. Injini inawashwa mpaka feni ya radieta izunguke, inazimwa dakika tano, kijiti kinasomwa tena. Saa 9:15 gari linapelekwa sehemu yake lilale tena, funguo zinarudi ofisini.

Saa 10:30

"Fundi wangu wa mtaani aliniambia oili nzito inanyamazisha injini," mama anasema.

Kwa injini iliyochakaa, amesema kweli: oili nzito hufunika kelele. Kwenye injini hii vijia vinavyolisha tenshena na gia ya kamshafti ni vyembamba, na oili nzito huchelewa kufika. Kibaya zaidi, kampuni ikikuta 20W-50 ndani ya injini inayotaka 0W-20, ina sababu ya kukataa madai hata kama gia ilikuwa mbovu tangu kiwandani. Kinachoangusha madai mengi si service ya nje yenyewe. Ni kukosa risiti, au risiti isiyotaja aina ya oili.

Tunamweleza pande zote mbili. Gari likiwaka kimya kesho, kosa ni la service, na waranti hailipi. Likikoroma na oili sahihi na filta sahihi, tunatuma video, vipimo, picha na chupa, tukiomba kibali cha tenshena na gia. Kava la cheni haliguswi mpaka kibali kije kwa maandishi. Ukilifungua mapema, ubishi wote utahusu nani alilifungua.

Kwa leo analipa oili, filta na saa moja ya uchunguzi. Risiti inarudishwa kwa karani mara moja, kwa sababu aliandika "service" tu. Ya pili inaandikwa 0W-20, lita 4.2, namba ya filta na kilomita 31,412.